Daftari la Mashairi la Marafiki wa Rusizi: Tulisome Vipi?

Idara yetu inapojiandaa kwa Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 7 Julai tangu mwaka 2022 baada ya UNESCO kuitangaza mwaka 2021, pendekezo moja limeletwa mezani. Wanafunzi wetu wanaotoka Rusizi wana madaftari ya mashairi ambayo wameyaandika kwa mkono wao na marafiki zao. Inapendekezwa yakusanywe, mashairi bora yachaguliwe, lugha isahihishwe, na kazi iliyobaki ichapishwe kuwa kijitabu. Wazo hili lina nia njema, na wanaolitetea ni wenzetu tunaowaheshimu. Hata hivyo tunaona kwamba likitekelezwa kama lilivyo tutapata kijitabu safi na kupoteza mashairi. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini, na kupendekeza njia nyingine.

Ni daftari la namna gani?

Kwanza tueleze tunachokizungumzia. Ni daftari la kawaida la shule, lile ambalo kwa Kinyarwanda huitwa ikayi. Kundi la marafiki, mara nyingi watatu hadi sita, hulimiliki kwa pamoja. Mmoja huandika shairi, akampa mwenzake. Mwenzake hukaa nalo siku kadhaa, kisha huandika jibu chini yake au ukurasa unaofuata. Wa tatu huingilia kati, ama kwa kusuluhisha ama kwa kuchochea moto. Pembeni huandikwa maneno mafupi ya sifa au ya kejeli. Daftari likijaa hununuliwa jingine, na la kwanza hubaki kwa yule anayeaminika zaidi.

Marafiki wenye daftari moja la aina hii wametukubalia tulizungumzie kwa sharti kwamba tusitaje majina wala kunakili beti zao. Sharti hilo tunaliheshimu. Kila tutakapohitaji mfano wa ubeti tutatunga wetu wenyewe, wa kuonyesha jambo tu, na msomaji asiuhesabu kuwa wao.

Rusizi ni wilaya iliyoundwa mwaka 2006 katika sehemu ya uliokuwa mkoa wa Cyangugu, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu. Mji wa Kamembe uko upande wa Rwanda na Bukavu upande wa Kongo, na kati yao ni mto Rusizi na madaraja yake. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2017, miaka kumi baada ya nchi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini watu wa mpakani hawakungoja sheria hiyo. Walikisikia sokoni, bandarini na kwa jamaa wa ng'ambo kabla hakijawa somo la kufanyiwa mtihani. Kijana wa Kamembe anayeandika shairi la Kiswahili anaandika kwa lugha mbili zenye jina moja: Kiswahili cha darasani na Kiswahili cha darajani.

Nasaba ya daftari

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya vijana, ya kupitisha muda, na kwamba fasihi andishi ni ile iliyochapwa. Kwa Kiswahili kauli hiyo haisimami hata kidogo. Ushairi wetu uliishi katika hati za mkono kwa muda mrefu zaidi kuliko ulivyoishi katika vitabu vya kupigwa chapa, na sehemu kubwa ya hati hizo ilitoka kwa watu wachache waliojuana.

Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa takriban mwaka 1776 na kufariki takriban mwaka 1840. Wanafunzi wetu humsoma kama mshairi wa kitabu. Yeye mwenyewe hakuchapisha kitabu. Tungo zake zilibaki katika kumbukumbu za watu wa Mvita hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipozikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Ni mwaka 1940 ndipo William Hichens alipozitoa Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka. Kati ya kinywa cha Muyaka na kitabu hicho pana mikono kadhaa na takriban miaka mia moja. Bila Mwalimu Sikujua, leo tusingekuwa na Muyaka wa kumfundisha.

Tumtazame pia Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mnakili, mshairi, mchongaji na mwanamuziki. Wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann walitegemea kalamu yake kupata tenzi za kale. Lakini Kijumwa hakuwa mashine ya kunakili. Utenzi wa Fumo Liyongo, ambao wengi huudhania kuwa wa kale sana kwa sababu habari zake ni za kale, umetungwa naye mwaka 1913. Mnakili wa Kiswahili mara nyingi alikuwa mtunzi pia, na daftari la Rusizi linaendeleza desturi hiyo bila kuijua. Anayenakili shairi la mwenzake ukurasa mpya hubadilisha neno hapa na pale, na kundi hulikubali au hulikataa.

Hata upande wa Rwanda wenyewe tunao ushahidi. Ibisigo, yaani mashairi ya ufalme, yalihifadhiwa vichwani mwa abasizi kwa vizazi vingi, mpaka Padri Alexis Kagame alipowafuata wenye kuyajua na kuyaandika. Kitabu chake kuhusu ushairi huo kilitoka mwaka 1951. Kwa hiyo kijana wa Rusizi ana mababu wa pande mbili, wa pwani na wa milimani, na pande zote mbili zinamfundisha somo lile lile: tungo huokolewa na mtu mmoja mwenye subira na kalamu.

Shairi lisilo na jibu

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Pendekezo lililo mbele yetu linataka tuchague mashairi bora. Uteuzi wa aina hiyo hudhani kwamba kila shairi linasimama peke yake, kama mti uwanjani. Katika daftari la marafiki mambo si hivyo, kwani shairi ni zamu ya mtu kusema, na maana yake hukamilika mwenzake anapojibu.

Ushairi wa Kiswahili una jina la jambo hili, nalo ni kujibizana. Ann Biersteker alilifanya kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1996. Kabla ya hapo, mwaka 1995, yeye na Ibrahim Noor Shariff walihariri Mashairi ya Vita vya Kuduhu, mkusanyo wa tungo walizopelekeana washairi wa pande zilizohasimiana mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Pate upande mmoja na Lamu upande wa pili. Ukiusoma mkusanyo huo kwa utaratibu wake unaona ugomvi ukipanda na kushuka, fumbo likitupwa na kufumbuliwa, neno la adui likigeuzwa kuwa silaha dhidi yake. Chukua shairi moja tu katikati na hayo yote yametoweka.

Muyaka naye alipata bahati mbaya ya namna hiyo kwa muda. Msomaji wa toleo la mwaka 1940 hukutana na beti nyingi zinazong'aa ambazo hajui zilimjibu nani wala zilichokozwa na nini. Ilibidi Mohamed Abdulaziz aje mwaka 1979 na kitabu chake, akizirudishia tungo hizo historia ya Mombasa ya Wamazrui na mapambano yao na Seyyid Said, ndipo beti nyingi zikaanza kusema tena. Kazi ya uhakiki hapo ilikuwa kumrudisha mshairi katikati ya watu wake.

Katika daftari tulilolisoma, shairi ambalo kamati yoyote ingelichagua ni la malalamiko ya mapenzi. Mizani imekamilika na vina havina kasoro, lakini maudhui yake ni ya kawaida. Shairi linalofuata, ambalo kamati ingeliacha kwa kuwa lina mistari miwili iliyopungua, linamjibu mlalamikaji kwa kumwonyesha kwamba anayemlilia hajui kama analiliwa, na kwamba kilio chote kimeandikwa ili kisomwe na marafiki wanne tu. Baada ya jibu hilo, la kwanza halisomeki tena kama lilivyokuwa. Ukweli wa kijana anayejificha nyuma ya umahiri wake umewekwa wazi kwa upole na rafiki yake. Tukilichapisha la kwanza peke yake tutakuwa tumechapisha kinyago bila uso.

Kusahihisha nini?

Jambo la pili katika pendekezo ni kusahihisha lugha. Hapa walimu tunapaswa kuwa waangalifu kwa sababu ndiyo kazi tuliyozoea, na mkono uliozoea kalamu nyekundu haupumziki kwa urahisi.

Tutoe mfano wetu wa kutunga:

Nakesha kule ziwani, sikupata pa kurara,
Macho yapo darajani, nangoja yako ishara,
Barua i mkononi, imekosa barabara,
Rafiki u ng'ambo gani, nijibu nipate dira.

Mwalimu ataona "kurara" na mara moja ataandika "kulala". Darasani yuko sawa. Kinyarwanda hakizitenganishi r na l kama Kiswahili sanifu kinavyozitenganisha, na ni wajibu wetu kumfundisha mwanafunzi tofauti hiyo. Lakini katika ubeti huu, kina cha mwisho ni "ra". Ukisahihisha neno, umevunja kina. Mtunzi hakukosea kina. Sikio lake linasikia "kurara", "ishara" na "barabara" kuwa ndugu, na wasomaji wake wanne wanasikia vivyo hivyo. Mhariri ana njia mbili tu za uaminifu: kuliacha neno na kuweka maelezo, au kumrudishia mtunzi atunge upya. Njia ya tatu, ya kusahihisha kimyakimya, ni kuandika shairi la mtu mwingine kwa jina lake.

Mfano wa pili ni wa mizani. Kiswahili cha Kivu kina kiambishi "-ka" mwishoni mwa kitenzi, kinachoonyesha mazoea. Mtu husema "wanapitaka" akimaanisha kwamba hupita kila mara. Kipande cha "wanapitaka sokoni" kina mizani 8 kamili. Kisahihishe kiwe "wanapita sokoni" na mizani inabaki 7, tena maana ya mazoea imepotea. Kifanye "hupita sokoni" na mizani inashuka hadi 6. Mhariri atalazimika kuongeza neno la kujaza nafasi, na hapo ndipo ushairi wetu wa mashindano ulipojaa maneno ya kujaza nafasi.

Hatusemi kwamba Kiswahili cha mpakani kiingie katika mitihani. Usanifu una kazi yake, na mwanafunzi asiyeumudu atafungiwa milango mingi. Tunasema kwamba Kimvita cha Muyaka nacho si Kiswahili sanifu, na wala Kiamu cha tenzi si sanifu, lakini hakuna mhakiki anayethubutu kuvisahihisha. Tunaviwekea sherehe chini ya ukurasa na kuwataka wanafunzi wavijifunze. Kwa nini lahaja ya mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu karne mbili zilizopita istahili maelezo, na ya mshairi wa Kamembe aliye hai istahili kalamu nyekundu? Swali hili halina jibu la kitaaluma. Jibu lake ni la mazoea tu, kwamba pwani imezoeleka kuwa mwalimu na bara kuwa mwanafunzi.

Kasoro zilizomo

Tusije tukaonekana kwamba tunasifu kila kilichomo ndani ya madaftari. Mhakiki anayesifu kila kitu hamsaidii mtunzi yeyote. Zipo kasoro tatu ambazo wanafunzi wetu wanapaswa kuzisikia.

Ya kwanza ni picha za kuazima. Daftari la vijana wanaoishi kando ya Ziwa Kivu limejaa jahazi, bahari, asumini na upepo wa kusi. Picha hizi ni nzuri kwa mshairi aliyeziishi. Kwa kijana wa Rusizi zimetoka katika kitabu cha kiada. Wakati huo huo, nje ya dirisha lake wavuvi wa sambaza huingia ziwani usiku na taa zao, mashamba ya chai ya Shagasha yamefunika vilima, na mpunga wa Bugarama unavunwa bondeni kwenye joto ambalo Kamembe hawalijui. Vitu hivi havionekani katika beti zao ila mara chache sana, na vinapoonekana shairi huamka. Mtunzi mmoja alipoacha jahazi na kutumia taa ya wavuvi kuelezea tumaini linaloonekana karibu lakini halifikiwi, wenzake wote walijibu shairi hilo. Kundi lenyewe, bila mwalimu, lilijua kwamba hapo pamesemwa jambo.

Ya pili ni hesabu ya mizani. Wengi huandika mistari iliyozidi au kupungua. Baadhi ya makosa hayo ni ya uzembe. Mengine yana chanzo ambacho walimu tunapaswa kukijua. Kinyarwanda hutofautisha irabu fupi na ndefu, na katika ushairi wa amazina y'inka, yaani sifa za ng'ombe, urefu huo huhesabiwa. Shairi la Kiswahili huhesabu silabi tu. Kijana aliyekulia katika lugha ya kwanza anaweza kusikia mstari umekamilika ilhali vidole vinahesabu 7. Kumwambia "umekosea" hakutoshi. Aelezwe kwamba ana masikio mawili, na kwamba shairi la arudhi ya Kiswahili linataka atumie moja kwa wakati mmoja. Akitaka kuandika huru, Euphrase Kezilahabi alifungua njia hiyo kwa Kichomi mwaka 1974, na hakuna haja ya kujificha ndani ya mizani mbovu.

Ya tatu ni kuogopa mambo mazito. Mapenzi yanachukua nafasi kubwa kuliko yote. Mpaka, ambao ndio maisha ya kila siku ya watu wa Rusizi, hutajwa kwa mafumbo tu au hautajwi kabisa. Hili tunalielewa. Daftari linaweza kupotea na kuangukia mikono isiyo yake. Lakini fumbo ni silaha ya kale ya mshairi wa Kiswahili, na lilibuniwa kwa ajili ya nyakati kama hizo hizo. Abdilatif Abdalla aliandika tungo za Sauti ya Dhiki gerezani Kenya, kati ya mwaka 1969 na 1972, kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka mwaka 1973. Aliye na daftari zima na marafiki wanne wa kuaminika ana karatasi zaidi ya hizo.

Tufanye nini?

Tatizo ni kwamba kutokuchapisha nako kuna gharama. Madaftari haya hufa upesi. Marafiki humaliza masomo, mmoja huenda Kigali, mwingine huvuka mto, na daftari hubaki kwenye sanduku la mtu ambaye siku moja atalitumia kuwashia moto. Kwa kila Mwalimu Sikujua mmoja tunayemjua, wako wengi ambao hawakupata wa kuwaandikia. Anayesema "tuyaache yalivyo" anachagua moto bila kujua.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kwanza, idara inakili daftari zima kwa ridhaa ya kila aliyeandika ndani yake, siyo ya aliyelitunza peke yake, na nakala ihifadhiwe maktabani. J. W. T. Allen na wenzake waliokusanya hati za Kiswahili kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambazo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, wametuonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana hata kwa vifaa vichache. Daftari lenyewe lirudishwe kwa wenyewe.

Pili, kitakachochapishwa kiwe majibizano kamili, hata kama ni machache. Majibizano matatu yenye mwanzo na mwisho ni bora kuliko mashairi thelathini yaliyong'olewa. Waliomkusanya Kamange na Sarahani wa Pemba, katika kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa mwaka 2011, waliwaweka washairi hao wawili ndani ya jalada moja. Msomaji anafaidika kwa kuwaona pamoja.

Tatu, maneno ya mpakani yaachwe na yafafanuliwe chini ya ukurasa. Kazi hiyo ya sherehe wapewe wanafunzi wenyewe, hasa wale wa Rusizi. Mwanafunzi atakayeeleza "-ka" ya Kivu kwa ufasaha wa sanifu atakuwa amejifunza sarufi zote mbili kwa siku moja, jambo ambalo mihadhara yetu haijafanikiwa kulifanya kwa muhula mzima.

Nne, asiyetaka jina lake litajwe lisitajwe, na asiyetaka shairi lake lichapwe liachwe. Kundi likikataa kabisa, tukubali. Mashairi hayo hayakuandikwa kwa ajili yetu, na haki ya kusoma ya mwalimu haizidi haki ya marafiki kunyamaza.

Kamati ya maandalizi itakutana kabla ya muhula kwisha. Tunawaomba walimu na wanafunzi watakaopinga hoja hizi watuandikie, kwa nathari au kwa shairi. Watakaochagua shairi wajue kwamba watajibiwa.